Mtoto anapoanza kutambaa: Jinsi wazazi waliochoka mjini Juba wanavyoweza kuifanya nyumba iwe salama

Mtoto mchanga hulala kati ya saa 14 na 17 kwa siku, lakini usingizi huo huja vipande vipande, saa mbili au tatu kwa wakati mmoja. Mzazi anayemhudumia hupata vipande hivyohivyo. Mjini Juba, joto ndani ya nyumba za mabati, mbu na ngurumo za jenereta huvikata tena. Miezi michache baadaye, kabla mzazi hajapumzika, mtoto huanza kutambaa na kushika kila anachokifikia.

Wazazi huambiwa wawe macho. Lakini mtu ambaye hajalala vizuri kwa miezi sita hawezi kuwa macho kila dakika, hata ampende mtoto wake kiasi gani. Lililo la uhakika zaidi ni kuipanga nyumba mapema, ili imlinde mtoto hata pale mzazi anaposinzia.

Kwa nini uchovu ni mkubwa?

Wengi wanaozungumza Kiswahili mjini Juba ni wafanyabiashara na mafundi kutoka nchi jirani, au raia wa Sudan Kusini waliokulia ukimbizini, wakiwemo waliolelewa katika kambi ya Kakuma nchini Kenya. Mara nyingi bibi na shangazi wamebaki mbali. Katika desturi za pwani, mama aliyejifungua hukaa ndani siku arobaini, akikandwa na kupikiwa uji, huku ndugu wakimpokea mtoto ili naye apate kulala. Ugenini, kazi ya watu watano huwaangukia wawili, au mmoja.

Sheria ya Kazi ya Sudan Kusini ya mwaka 2017 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 90, na baba wiki mbili. Hata hivyo, anayeuza mboga katika soko la Konyo Konyo au anayeendesha bodaboda hana mwajiri wa kumpa likizo hiyo.

Maji

Nyumba nyingi za Juba hazina maji ya bomba. Maji hununuliwa kwenye maboza na kuhifadhiwa katika mapipa na ndoo. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji yenye kina cha sentimita chache tu, na aghalabu huzama kimya, bila kupiga kelele. Pipa linahitaji mfuniko unaokaza, uliofungwa kwa kamba au mpira. Ndoo ya kufulia imwagwe mara tu kazi inapokwisha. Kusema "nitaimwaga baadaye" ni hatari kwa mtu aliyechoka.

Moto na moshi

Jiko la mkaa hukaa chini, usawa uleule wa mtoto anayetambaa. Kizuizi cha mbao mlangoni mwa jikoni, au ukuta mfupi wa matofali, humzuia asilifikie. Mtoto akiungua, sehemu iliyoungua ipozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe kituo cha afya. Dawa ya meno, mafuta na unga visipakwe.

Wakati wa mvua, jiko lenye makaa yanayowaka au jenereta visiingizwe ndani. Hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi, na inaweza kuua familia nzima usingizini.

Sumu

Mafuta ya taa, jiki na dawa za wadudu visiwekwe katika chupa za soda au za maji. Mtoto hatambui tofauti, na mzazi anayepapasa gizani anaweza kukosea pia. Viwekwe juu, mahali panapofungwa. Mtoto akinywa mafuta ya taa, asitapishwe, kwa kuwa mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu. Apelekwe hospitalini mara moja, pamoja na chupa yenyewe. Juba ina Hospitali ya Watoto ya Al Sabah.

Mahali pamoja pa salama

Kila nyumba, hata ya chumba kimoja, inahitaji sehemu moja ambapo mtoto anaweza kulazwa bila wasiwasi: godoro lisilobonyea, bila mito, chini ya chandarua chenye dawa, naye alale chali. Sehemu hiyo humsaidia mzazi pia. Kilio kinapomzidi na hasira kuanza kupanda, amlaze mtoto hapo, atoke nje kidogo na avute pumzi. Dakika chache za kulia hazimdhuru mtoto. Kumtikisa kwa nguvu kunaweza kuharibu ubongo wake au kumuua.

Kulala kwa zamu

Baba hawezi kunyonyesha, lakini anaweza kumcheulisha mtoto, kumbadilisha nepi na kumbeba hadi asinzie. Mama akilala saa nne au tano mfululizo, hupata nafuu kubwa. Anayelea peke yake anaweza kupatana na jirani mwenye mtoto, wapokezane mchana.

Wakati mwingine uchovu si uchovu tena. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, karibu asilimia 13 ya wanawake waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Katika nchi zinazoendelea ni karibu asilimia 20. Huzuni inayozidi wiki mbili, kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, au mawazo ya kujidhuru ni sababu ya kumwona mhudumu wa afya. Mama anayeomba msaada si mama mbaya.

Pa kuanzia hapahitaji fedha. Mmoja wa wazazi apige magoti na kuizunguka nyumba kwa kutambaa, akitazama kila kitu kwa kimo cha mtoto. Kisha kila usiku, yule aliyechoka kidogo kuliko mwenzake akague mambo manne kabla ya kulala: pipa limefunikwa, jiko liko nje, sumu zimefungiwa, chandarua kimeshushwa.