Gari la stima: Hesabu za mlima wa Londiani

Na MWANDISHI WETU

TANGU bei ya petroli ifike Sh217.36 kwa lita jijini Nairobi mnamo Oktoba 2023, wenye magari wengi wamekuwa wakijiuliza kama kuna njia ya kusafiri bila kufilisiwa na pampu. Bei hiyo ilishuka baadaye, lakini hofu haikushuka nayo.

Jibu linalotajwa sana ni gari la stima. Na kwa mtu wa mshahara wa kawaida, linalozungumziwa zaidi ni Nissan Leaf, gari dogo lililoanza kuuzwa Japani na Marekani Desemba 2010, ambalo hutufikia likiwa mtumba kama magari mengine mengi yanayoshushwa bandarini Mombasa. Nairobi ilikwisha kulizoea. Kampuni ya teksi ya NopeaRide ilibeba abiria kwa magari ya aina hiyo kuanzia mwaka 2018 hadi ilipofunga kazi mwishoni mwa 2022.

Lakini Nairobi si Londiani. Mji huu wa Kipkelion Mashariki, katika Kaunti ya Kericho, umekaa kwenye mwinuko wa mita 2,300 hivi kutoka usawa wa bahari. Ukitoka hapa kwenda popote penye shughuli kubwa, iwe Kericho, Nakuru au Kisumu, unateremka. Na ukirudi nyumbani, huna budi kupanda.

Hebu basi tumchukue mwalimu mmoja wa kubuni, mwenye mke na watoto watatu, shamba dogo la viazi na ng'ombe wawili wa maziwa. Ana mkopo wa ushirika mkononi na anataka kununua gari. Fedha hizo zikipotea, karo ya sekondari nayo imepotea. Je, anunue la stima?

Jambo la kwanza atakaloambiwa na muuzaji ni umbali ambao gari huenda betri ikiwa imejaa. Hapo ndipo wengi huponzwa. Leaf ya kwanza, yenye betri ya yuniti 24, ilipopimwa kwa utaratibu wa Japani ilisemekana kwenda kilomita 200. Gari lilo hilo lilipopimwa na Wamarekani lilipata kilomita 117. Toleo la yuniti 40 lililotoka mwaka 2017 lilipewa kilomita 400 huko Japani na 243 huko Marekani. Kwa barabara zetu za milima, mimi ningeshika hesabu ya Marekani na kuitupa ile ya Japani.

Tena hizo ni hesabu za betri mpya. Betri huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Leaf ya yuniti 24 iliyopoteza robo ya nguvu zake itakwenda kilomita 85 au 90 tu. Kutoka Londiani hadi Kericho ni zaidi ya kilomita 40. Mwalimu wetu atafika, atanunua vitabu, lakini kurudi itakuwa kudra ya Mola. Ile ya yuniti 40, hata ikiwa imechakaa kiasi, itakwenda Kericho na kurudi bila wasiwasi. Nakuru itawezekana kwa uangalifu. Kisumu na kurudi siku moja, bila kuchaji njiani, asahau.

Mlima

Kisumu iko mita 1,130 hivi kutoka usawa wa bahari. Kwa hivyo anayerudi Londiani huliinua gari lake, pamoja na abiria na mizigo, zaidi ya mita 1,100 angani. Kwa gari la kilo 1,800 likiwa na watu, kazi hiyo peke yake hula zaidi ya yuniti 5, mbali na zile za kusukuma magurudumu na kupasua upepo. Kwenye betri ya yuniti 24 hiyo ni zaidi ya sehemu moja kwa tano.

Faraja ni kwamba gari la stima hurudishiwa baadhi ya jasho lake. Ukiachilia mguu kwenye mteremko, mota hugeuka kuwa jenereta, hulishika gari na kurudisha umeme kwenye betri. Katika nchi ambayo bado inakumbuka jioni ya Juni 30, 2023, wakati lori lilipopoteza mwelekeo pale Londiani Junction na watu 52 wakafa, kifaa kinachopunguza mwendo bila kuchosha breki si jambo la kupuuzwa.

Lakini kuna mtego ambao wauzaji hawautaji. Betri ikiwa imejaa pomoni, haina mahali pa kuweka umeme huo, na mota haiwezi tena kulishika gari ipasavyo. Anayelala Londiani akichaji hadi asilimia mia, kisha alfajiri akaanza kuteremka, atategemea breki za kawaida. Afadhali aondoke na asilimia 85 au 90.

Baridi yetu nayo si adui mkubwa. Ni kweli usiku wa Londiani hupunguza umbali kidogo, na kuwasha joto ndani ya gari hula umeme. Hata hivyo, kinachoua betri ya Leaf hasa ni joto, kwa sababu haina mtambo wa kuipoza. Huko Arizona, Marekani, wenye magari hayo walilalamika mwaka 2012 kwamba betri zao zilikuwa zikidhoofika upesi katika jua la jangwani. Kwa hilo, mtu wa Londiani ana bahati kuliko mtu wa Garissa.

Tokeni

Sasa tuje kwenye fedha. Tuseme yuniti moja ya stima nyumbani ni Sh30 pamoja na kodi, na lita ya petroli ni Sh180. Kilomita mia moja zitahitaji yuniti 19 hivi, ukihesabu na zile zinazopotea wakati wa kuchaji. Hiyo ni Sh570. Gari dogo la petroli lingekunywa lita saba, yaani Sh1,260. Mwalimu akiendesha kilomita 1,500 kwa mwezi, atabakiwa na zaidi ya Sh10,000 mfukoni. Isitoshe, hakuna oili ya injini ya kubadilisha, hakuna plagi, hakuna klachi.

Hapa mama watoto atauliza swali ambalo wanaume hawalipendi: "Baba watoto, na bili ya nyumba je?" Ana haki ya kuuliza. Chini ya viwango vya mwaka 2023, nyumba iliyotumia chini ya yuniti 100 kwa mwezi ilitozwa bei nafuu kuliko iliyozidisha hapo. Gari la kilomita 1,500 linaongeza karibu yuniti 285. Familia inahama daraja, na taa ya jikoni pamoja na pasi ya sare za shule zinaanza kulipiwa bei ya juu. Kenya Power ilileta mwaka huo huo bei maalumu ya vyombo vya usafiri, Sh16 kwa yuniti na Sh8 saa za usiku, kabla ya kodi, lakini inahitaji mita yake ya pembeni. Mwalimu aulize kwanza ofisini kama ataipata mita hiyo, na kwa gharama gani, kabla ya kulipia gari.

Swali la pili la mama ni zito zaidi: mtoto akiugua usiku na stima imepotea? Mnamo Agosti 25, 2023 nchi karibu nzima iliingia gizani, na huku milimani mti mmoja ukiangukia waya wakati wa mvua unatosha kuwanyima watu stima. Dawa yake ni mazoea: betri isiachwe usiku chini ya nusu. Kwa soketi ya kawaida ya ukutani, kujaza yuniti 24 huchukua saa kumi hivi, na yuniti 40 zaidi ya saa kumi na tano. Asiyechomeka jioni hana gari asubuhi. Waya wa ardhini uwe mzima, na asitumie kamba ya kuungaunga kupitia dirishani.

Barabara za ndani ni kikwazo kingine. Tumbo la Leaf liko chini, na matope ya Aprili hayana huruma. Fundi wa mtaani anaweza kushughulikia magurudumu, breki na springi, lakini nyaya nene za rangi ya machungwa zina nguvu ya volti zaidi ya 300. Hizo zinaua, na asiyefunzwa asiziguse.

Kabla ya kununua, mwalimu atazame dashibodi ikiwa imewashwa. Upande wa kulia kuna vijisanduku kumi na viwili vinavyoonyesha uzima wa betri, na cha kwanza hutoweka nguvu zikipungua kwa asilimia 15 hivi. Kwa kuwa sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, Leaf nyingi za yuniti 24 zinazouzwa nchini ziliingia zamani na zimepitia mikono kadhaa. Ipo programu ya simu, LeafSpy, ambayo kwa kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani husoma hali ya betri. Muuzaji akikataa isomwe, mwalimu aondoke na hundi yake. Kubadilisha betri nzima ni mamia ya maelfu ya shilingi.

Na asishtuke gari likianza kumsemesha Kijapani. Dashibodi za magari mengi yaliyotoka huko hazijui Kiingereza, seuze Kiswahili, lakini watoto watakariri maana ya kila kitufe kabla ya wiki kwisha.