Saltaire kwa gari-nyumba: pauni 697 zilikwenda wapi

Mafuta ndiyo yanayowatisha watu. Kila ninapomweleza ndugu hapa London kwamba tulikwenda Saltaire kwa gari-nyumba, swali la kwanza ni lile lile: dizeli ilikula kiasi gani? Ilikula pauni 112. Matumizi yote ya safari yalikuwa pauni 697, na zaidi ya nusu yake, pauni 360, ilikwenda kwa mwenye gari.

Saltaire iko Shipley, kilomita 6 hivi kutoka katikati ya Bradford, na kutoka London ni kama kilomita 330. Ukihesabu kwenda, kurudi na mizunguko midogo, unapata 700. Gari letu lilikunywa lita 11 kwa kila kilomita 100, jambo la kawaida kwa gari zito lenye vitanda vinne, jiko la gesi na tangi la maji la lita 100. Hizo ni lita 77, nasi tulizinunua kwa pauni 1.45 kila moja. Kukodi gari kulikuwa pauni 120 kwa usiku, na tulikaa siku tatu usiku na mchana. Nafasi ya kuegesha kambini, pamoja na umeme, ilikuwa pauni 35 kwa usiku, jumla 105. Chakula cha watu wanne kilitugharimu pauni 120, kwa kuwa tulijipikia. Asubuhi mke wangu alikuwa akibandika chai ya tangawizi kwenye jiko lile la mafiga mawili, mvuke unatanda kwenye vioo vyote, watoto wanaandika majina yao kwa vidole.

Ziangalie hesabu hizo kwa makini. Dizeli unailipa mara moja, ukae usiku mmoja au mitatu. Tungelala usiku mmoja tu, safari ingekuwa pauni 307 kwa usiku huo. Kwa usiku mitatu, kila mmoja uliangukia pauni 232. Ila baada ya hapo nafuu inakwisha haraka: hata ukikaa mitano, unabaki kwenye 217, maana gari linadai pauni 120 zake hata likiwa limesimama na wewe umeketi nje na kikombe chako. Kwa hiyo ukilikodi, lipeleke mahali ambapo likishaegeshwa huna haja ya kuliwasha tena. Ndiyo sababu tulichagua Saltaire.

Mji huu ulijengwa kwa ajili ya watu wanaokwenda kazini kwa miguu. Titus Salt, tajiri wa sufu wa Bradford aliyejipatia jina kwa nguo za manyoya ya alpaka, aliuanzisha mwaka 1851 ili kuhamisha viwanda vyake kutoka jiji lililokuwa limejaa moshi na maradhi. Kiwanda kilifunguliwa tarehe 20 Septemba 1853, siku aliyotimiza miaka 50. Miaka iliyofuata yakaongezeka makazi zaidi ya 800 katika mitaa 22, kanisa, shule, hospitali, nyumba 45 za wazee, ukumbi wa elimu na burudani, na bustani ng'ambo ya mto Aire. Yote haya yamo katika eneo la kama ekari 50. UNESCO iliuweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001.

Kiwanda ndicho kinachokushika kwanza. Kina ghorofa sita na urefu wa mita 166. Ukiyapanga magari-nyumba kama letu la mita 7, pua kwa mkia, mbele ya ukuta ule wa mawe, yanaingia 23 na nafasi inabaki. Ndani kulikuwa na mitambo ya kufumia 1,200 na wafanyakazi zaidi ya 3,000, na uwezo wake ulikuwa yadi 30,000 za nguo kwa siku. Hizo ni kilomita 27. Doti ya kanga ina urefu wa kama mita 3. Basi pima kwa doti, utapata zaidi ya 9,000 kila siku ya kazi. Nilipowaambia watoto kwamba kwa siku 12 kiwanda hiki kingeweza kufuma kitambaa cha kutandika njia nzima tuliyopita kutoka London, mkubwa alinyamaza, kisha akaomba simu ahesabu mwenyewe.

Kufuma kuliisha Februari 1986. Mwaka uliofuata Jonathan Silver, mfanyabiashara wa huko huko Bradford, akalinunua jengo, na leo kuta zake zimebeba michoro ya David Hockney, naye mzaliwa wa Bradford. Kuingia ni bure. Kutembea mitaani ni bure, na bustani ni bure. Katika pauni 697 zetu hamna hata senti moja ya kiingilio.

Gari-nyumba, hata hivyo, usiliingize humo. Mitaa ya mji ni myembamba na wakazi wameegesha magari pande zote mbili. Sisi tulijaribu, tukatoka kinyumenyume huku mke wangu akielekeza kwa mikono. Liache kambini, kisha ufuate njia ya kando ya mfereji wa Leeds na Liverpool. Kutoka mji jirani wa Bingley ni kama kilomita 5, tambarare, na ukiwa huko utaona ngazi tano za milango ya maji zilizofunguliwa mwaka 1774, ambazo hadi leo zinapandisha mashua kama mita 18. Pia Bradford ina eneo la hewa safi tangu Septemba 2022. Magari madogo ya binafsi hayatozwi, lakini vani zisizofikia viwango vya moshi zinatozwa, kwa hiyo ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali kabla hujaondoka nyumbani.

Ukifika, pita Mtaa wa George polepole. Mitaa mingi ina majina ya mke na watoto wa Salt, nao walikuwa kumi na mmoja. Nyumba za kati ni ndogo, mlango mmoja na dirisha moja chini. Za pembeni zimenyanyuka zaidi, maana ndimo walimokaa wasimamizi wa kiwanda. Cheo cha mtu kilisomeka kwenye paa lake.

Sisi wanne tulilipa pauni 174 kila mmoja kwa usiku mitatu, chakula kikiwemo, na ningeilipa tena kesho. Lakini mkiwa wawili, kodi ya gari, kambi na dizeli hazipungui. Chakula tu ndicho kinachopungua, na kila mmoja anabeba takriban pauni 318. Wawili pandeni treni hadi Leeds, mbadilishe hapo. Kituo cha Saltaire kiko kando ya kiwanda.