Ngazija: Jirani Tusiyemjua

Mwulize mwanafunzi wa sekondari akutajie visiwa vya Komoro. Akijaliwa kuvijua, aghalabu atakutajia Grande Comore, Anjouan na Mohéli. Ngazija, Nzuani na Mwali, majina ya wenyewe, humpita kando. Sisi walimu ndio tuliomzoeza kumwita jirani kwa jina la kubandikwa.

Ubaya ni kwamba jirani huyu ni ndugu. Wanaisimu huiweka Shikomori katika kundi moja na Kiswahili, Kimijikenda na Kipokomo. Mngazija husema mndru na wandru pale tusemapo mtu na watu, na maji kwake ni madji. Hata hivyo, Mswahili wa Mombasa hawezi kuyafuata mazungumzo yao yote. Undugu wa lugha si lugha moja.

Visiwa hivyo vilizuka kwa volkano, baina ya Msumbiji na Bukini. Mlima Karthala wa Ngazija, wenye kimo cha mita 2,361, ungali hai. Mvua hunyesha kwa wingi kisiwani humo, lakini mawe ya volkano huyafyonza maji yote, hata pasiwe na mto wa kudumu. Ndiyo maana watu hukinga mvua katika mabirika, na mlima ulipolipuka mwaka 2005 jivu liliyachafua maji hayo ya kunywa. Nzuani, kisiwa kikongwe zaidi, kilijaliwa mito. Misitu yake imefyekwa kwa kilimo na kwa kuni za kuchemshia maua ya mlangilangi, na mito mingi sasa hukauka kiangazi.

Mafuta ya langilangi, vanila na karafuu ndiyo mauzo makuu ya nchi hii. Bei zake hupangwa ng'ambo, na mchele, chakula cha kila siku, hununuliwa nje. Fedha zinazoletwa na jamaa walioko Ufaransa huzidi mapato ya mauzo hayo yote. (Sehemu yake kubwa huishia katika ada, ile harusi kuu impayo mwanamume heshima ya kusema barazani.)

Sensa ya mwaka 2017 ilihesabu watu wapatao 758,000. Nzuani ndiko kuliko na msongamano: zaidi ya watu 700 katika kilomita mraba moja. Si ajabu basi kwamba vijana wake huitazama Maore, kilomita 70 hivi kwa mashua. Katika kura ya mwaka 1974 wengi wa Maore walichagua kubaki na Ufaransa. Visiwa vitatu vikajitawala Julai 6, 1975. Mwaka 1995 Ufaransa ilianza kudai viza, na tangu hapo wasafiri wengi wamezama katika mkondo huo. Mwaka 2011 Maore ikafanywa mkoa kamili wa Ufaransa. Shinzuani na Shimaore, lugha za pande hizo mbili, zinakaribiana kuliko ilivyo yoyote kati yake na Shingazija.