Antivirusi ya zamani haijui virusi vya leo

Mwanafunzi wa Bunia anapeleka TFC yake ku sekretaria kuchapisha. Akirudi nyumbani, anachomeka flashi mu ordinatere: kila faili iko na kamshale kadogo, na kazi haifunguke. Usikimbilie kufomati! Mara nyingi kazi ingali humo, virusi vimeificha tu.

Lakini antivirusi si iko? Iko, ila inategemea sana orodha ya virusi inavyovijua, na vipya vinatoka kila siku. Windows 10 na 11 ziko na Defender, bila kulipa. Mega ni bei, ndiyo. Lakini TFC iliyopotea ni bei zaidi. Kila juma, ingia ku intaneti, uipe orodha mpya. Kisha kagua kila flashi mbele ya kuifungua, na uweke kopi ya kazi pahali pengine.