Kodi ya Nyumba za Bondeni

Mwaka 2019 wachumi Asaf Bernstein, Matthew Gustafson na Ryan Lewis walichapisha utafiti kuhusu nyumba za pwani ya Marekani. Nyumba ambazo bahari inayopanda inaweza kuzifikia ziliuzwa kwa takriban asilimia 7 chini ya nyumba za aina hiyohiyo zilizo umbali uleule kutoka ufukweni. Kodi za kupanga, hata hivyo, hazikupungua. Mnunuzi hulipia miaka mingi ijayo; mpangaji hulipia makazi ya sasa, na maji bado hayajamfikia.

Katika bonde la Mto Msimbazi, Dar es Salaam, maji yalishafika zamani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40, na eneo la Jangwani, bondeni humo, hujaa maji mara kwa mara mvua kubwa zinaponyesha. Ndiyo maana vyumba vya bondeni hupangishwa kwa bei nafuu. Wapo wanaosema basi soko limeshafanya kazi yake: mpangaji anaijua hatari, na unafuu wa kodi ndio fidia yake. Anaijua, ni kweli. Lakini hoja hiyo inasahau namna kodi inavyolipwa. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi 6 au mwaka mzima kwa mkupuo. Aliyelipa Januari, masika ya Machi hadi Mei humkuta hana tena akiba ya kuhamia kwingine. Maji yakiingia, godoro lililolowa ni lake, unga ulioharibika ni wake, siku alizokosa kibarua ni zake, na kodi haimrudii. Mwenye nyumba hana cha kumsukuma ainue msingi au achimbe mtaro, kwa kuwa hasara kubwa haimgusi.

Kuwahamisha watu peke yake hakutoshi. Baada ya mafuriko yale, Serikali iliwapa baadhi ya waathirika viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Kwa anayebeba mizigo Kariakoo, katikati ya jiji, nauli ya kila siku ni sehemu ya gharama ya makazi, na hesabu hiyo huwarudisha wengi karibu na kazi. Ningeanza na sheria: kodi ya bondeni ilipwe mwezi kwa mwezi, na chumba kikifurika, fedha ya siku zilizobaki irudishwe. Wenye nyumba watasema watalazimika kupandisha kodi. Huenda, ila ongezeko hilo litakuwa gharama ya mafuriko ambayo wapangaji wanailipa tayari, tofauti ikiwa kwamba mwenye nyumba atakayejenga mtaro ataweza kuipunguza.