Mkimbiaji wa Ridhaa na Mwenzake: Namna ya Kutiana Moyo Mbio Zisikatike

Kutoka Nairobi hadi mji wa Thika ni kama kilomita 42. Mtu wa Pwani akikuuliza marathoni ni mbio za umbali gani, mjibu hivyo: ni kutoka Nairobi, upite Ruiru, upite Juja, uingie Thika, bila ya kupanda matatu. Marathoni kamili ni kilomita 42 na mita 195.

Wapwani tulioko huku ni wengi. Kuna wanafunzi wa chuo kikuu cha Jomo Kenyatta pale Juja, kuna walimu, mafundi, wafanyabiashara na wafanyakazi wa viwandani Thika. Sisi wachache tunaoishi Ruiru tumejikusanya, na siku tatu kwa wiki tukishaswali alfajiri tunatoka kukimbia. Hatuna kocha, hatuna jezi za kufanana, wala hapana kati yetu anayetarajia medali. Ndiyo maana naulizwa sana na ndugu walioko Mombasa, Malindi na Kwale: mtu asiyekimbilia zawadi huipata wapi hamu ya kuamka? Na mwenzako akianza kulegea, unamwambia nini?

Kwanza nifute dhana moja, kwamba mbio si za watu wa Pwani. Douglas Wakiihuri, aliyezaliwa Mombasa, ndiye Mkenya wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa marathoni, kule Roma mwaka wa 1987. Mwaka uliofuata akapata medali ya fedha katika Olimpiki ya Seoul. Kwa hivyo asikwambie mtu kwamba miguu ya Mpwani ni ya kuogelea tu.

Jambo la pili ni hewa, nalo huwavunja moyo wageni wengi. Ruiru na Thika ziko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,500. Kadiri unavyopanda, msukumo wa hewa hupungua, na kwa urefu huu kila pumzi inakuletea oksijeni pungufu kwa karibu moja ya sita kuliko pumzi ya Mombasa. Mtu aliyekuwa akizunguka Mama Ngina bila taabu anafika huku, anakimbia kilomita mbili, anahema kama aliyekimbizwa na mbwa, kisha anajiona amezeeka. Hajazeeka. Mwili ukihisi oksijeni ni chache, figo hutoa homoni inayoamuru chembechembe nyekundu za damu zitengenezwe kwa wingi, na kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Anayejua hivyo hupunguza kasi na kusubiri.

Wa bara nao wana mtihani wao kwetu. Tarehe 24 Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Mombasa, kwenye uwanja wa gofu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa hashikiki katika mbio hizo kwa miaka mingi, alishindwa na joto na kuacha njiani, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Ikiwa bingwa kama yule alizidiwa na hali ya hewa ya ugenini, wewe mkimbiaji wa Jumamosi usijilaumu.

Tatu, tuangalie ni lini watu huacha. Kwa niliyoyaona kwenye kikundi chetu, wiki ya kwanza hakuna anayeacha, maana viatu bado vipya na hamu ni kubwa. Hatari iko wiki ya nne hadi ya sita. Moyo na mapafu huzoea mazoezi mapema, lakini kano na mifupa huchelewa. Mkimbiaji anajihisi ana pumzi, anaongeza umbali ghafla, na goti au muundi unaanza kuuma. Anapumzika siku mbili, zinakuwa wiki, kisha anaona haya kurudi. Na hayo haya ndiyo yanayomweka nyumbani, hata maumivu yakishaisha.

Tulikuwa na mwenzetu mmoja, mtu wa makamo, aliyeanza kukimbia baada ya kuambiwa na daktari kwamba sukari yake inapanda. Alikuwa mzito na akikimbia nyuma ya wote. Sisi Wapwani utani ndio chumvi yetu, na baadhi ya wenzetu wakaanza kumwita Kobe kwenye kundi letu la WhatsApp. Yeye alicheka pamoja nao. Wiki ya tano hakuonekana, wala ya sita. Ujumbe wa "amka ndugu, usilale" ulimiminika kwenye simu yake, asijibu hata mmoja.

Aliyemrudisha ni dada mmoja wa kikundi, mama wa watoto watatu. Hakumtumia ujumbe wowote. Alikwenda na mumewe kumjulia hali, wakanywa chai, akamwambia kwamba yeye Jumamosi hana nguvu za kukimbia, anataka kutembea tu, na anatafuta wa kutembea naye. Wakatembea nusu saa. Jumamosi iliyofuata walitembea dakika tano na kukimbia dakika moja, kwa zamu. Hivi leo yule bwana anakimbia kilomita sita bila kusimama, na lile jina la Kobe halitajwi tena.

Wazee wetu walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayekimbia mbele hajui uzito wa aliye nyuma. Ndiyo maana maneno kama "ni rahisi tu" au "hata mtoto anaweza" hayamsaidii mtu, bali humwambia kwamba yeye hata cha mtoto hakiwezi. Linalosaidia ni kutaja kitu alichokifanya kweli: "Mwezi jana ulisimama kwenye kile kilima, leo umekipita." Sifa ya namna hiyo ina ushahidi, na mtu huiamini.

Usidhani kuhitaji mwenzako ni udhaifu wa wanaoanza. Eliud Kipchoge alipokimbia umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 kule Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, walikuwapo wakimbiaji 41 waliopangwa kupokezana kumkata upepo na kumshikia kasi. Na hapa hapa kaunti ya Kiambu tuna Henry Wanyoike wa Kikuyu, aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa kijana. Katika Paralimpiki ya Sydney mwaka wa 2000 alikimbia mita 5,000 akiwa ameshikana na mwongozaji wake, ambaye siku hiyo alikuwa mgonjwa na akaishiwa nguvu. Ikambidi Wanyoike, asiyeona, amkokote aliyekuja kumwonyesha njia, na wakashinda dhahabu. Huwa naitaja habari hii kwa wanaodhani kikundi kina wa kusaidia na wa kusaidiwa. Zamu hubadilika, na wakati mwingine hubadilika katikati ya mbio.

Hilo ndilo jibu la swali la hamu. Anayengoja hamu ije ndipo atoke atalala sana. Asubuhi za Julai huku Ruiru kuna baridi na ukungu, na blanketi lina hoja nzito. Linalonitoa kitandani ni kujua kwamba kuna mtu amesimama langoni ananingoja. Na yeye ametoka kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa anayetaka kuanza, haya ndiyo tunayoyafuata:

Kwanza, kimbia kwa kasi ya mazungumzo. Ukishindwa kusema sentensi nzima, punguza. Aliye mwepesi ndiye amfuate aliye mzito, si kinyume chake.

Pili, hesabu siku, usihesabu kasi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 za mazoezi mazito. Nusu saa mara tano inatosha, na kutembea kwa haraka kumo ndani. Dini yetu nayo imetufundisha kwamba amali inayopendeza zaidi ni ile ya kudumu hata ikiwa ndogo.

Tatu, ongeza umbali kidogo kidogo, na kila baada ya wiki tatu au nne upunguze wiki moja mwili upumzike. Mwezi wa Ramadhani tunakimbia mwendo mwepesi karibu na magharibi, ili maji na tende ziwe karibu.

Nne, jihadhari na barabara. Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa mwaka wa 2012, ni ya magari ya kasi. Vuka kwenye madaraja ya waenda kwa miguu, vaa nguo ya kung'aa kukiwa bado na giza, na upendelee njia za vumbi za ndani. Wanawake wasiachwe peke yao nyuma hata kwa dakika moja.

Tano, mwenye sukari, presha au maumivu ya kifua amwone daktari kabla ya kununua viatu.

Nyumbani Pwani tunazika watu wa makamo kwa presha na sukari, tukirudi matangani tunakula biriani na kusema ni kadari. Kadari ni haki, lakini miguu nayo tumepewa. Kama uko Ruiru, Juja au Thika, na hata kama uko Likoni au Kisauni, mtafute jirani mmoja leo, muagane saa na mahali. Asipotokea siku ya kwanza, usimtumie ujumbe. Nenda ukambishie hodi.