Kura ya 2022 kwa Shilingi na Senti

Tarehe 13 Septemba 2022 William Ruto aliapishwa kuwa Rais katika uwanja wa Kasarani. Katika hotuba yake alitangaza kuwa gunia la mbolea la kilo 50, lililokuwa likiuzwa Sh6,500, litapatikana kwa Sh3,500. Kesho yake mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, ikatoa bei zake za mwezi: lita ya petroli Nairobi ilitoka Sh159.12 hadi Sh179.30. Serikali haijatimiza siku mbili, mkulima wa Trans Nzoia ameshapunguziwa na mwendeshaji bodaboda wa Kayole ameshaongezewa, na huenda wote wawili walimpigia kura mtu yuleyule.

Wakenya watarudi debeni Agosti 2027. Wagombea watakuja tena na ahadi za kushusha gharama ya maisha, na wengi wetu tutazisikiliza bila kupiga hesabu. Rekodi ya 2022 hadi 2025 inatosha kuonyesha kwamba serikali mpya ni nadra kuifuta gharama. Huitoa kwenye mfuko mmoja na kuitia kwenye mwingine. Anayetaka kulinganisha wagombea aulize kwanza mfuko wake ni upi, kisha aulize gharama itaufikia lini.

Mabadiliko ya siku chache: ruzuku

Jambo ambalo serikali mpya inaweza kulifanya kabla hata viti vya Ikulu havijapata joto ni kuweka au kuondoa ruzuku. Halihitaji kusubiri sheria mpya, na ndiyo maana huonekana mapema.

Tuanze na mafuta. Bei ya Agosti 2022 ilikuwa chini kwa sababu Hazina Kuu ilikuwa ikilipa tofauti. Ruto mwenyewe alisema ruzuku ya mafuta ilikuwa imemeza Sh144 bilioni, Sh60 bilioni kati ya hizo katika miezi minne pekee. Kwa hiyo lita ya Sh159 haikuwa na bei hiyo kamwe. Sehemu yake ililipwa na mlipa ushuru, awe na gari au asiwe nalo. Ruzuku ya petroli ilipoondolewa, mzigo ulirudi kwa anayejaza tangi, na kupitia kwake ukafika kwa abiria wa matatu na mnunuzi wa sukumawiki.

Unga una kisa chake. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, serikali ya Uhuru Kenyatta ilishusha pakiti ya kilo mbili kutoka Sh205 hadi Sh100. Kuna waliozunguka maduka bila kuipata. Baada ya wiki chache ruzuku hiyo ilikwisha na bei ikarudi ilikokuwa. Ruto alisema mpango huo ulikula Sh7 bilioni kwa mwezi mmoja bila faida. Nafuu ya kweli ilikuja baadaye, mvua zilipokubali na mavuno ya 2023 yakaingia sokoni. Mwanasiasa anayejisifu kwa bei ya unga mara nyingi anajisifu kwa mvua.

Mbolea ndiyo ahadi iliyotimia kwa kasi zaidi. Mwaka uliofuata gunia lilishuka tena hadi Sh2,500. Anayelima ekari moja ya mahindi kwa gunia moja la kupandia na moja la kukuzia aliokoa Sh8,000 akilinganisha na ile bei ya Sh6,500. Lakini mbolea hiyo inataka usajili, ujumbe kwenye simu, na safari ya kwenda kuichukua kwenye bohari la NCPB, bodi ya taifa ya nafaka. Mwenye robo ekari anayelipa nauli ya kwenda na kurudi pamoja na pikipiki ya kubeba gunia huona akiba hiyo ikipungua njiani. Mwaka 2024 pia kulipatikana mbolea ghushi iliyouzwa kupitia mpango huo, na serikali ikalazimika kuahidi fidia. Bei nafuu bila ukaguzi inaweza kumgharimu mkulima msimu mzima.

Mabadiliko ya kila Julai: Mswada wa Fedha

Mengine hayawezi kupita kwa tangazo. Lazima yaingie katika Mswada wa Fedha, ambao hufika Bungeni kufikia mwisho wa Aprili, hutolewa maoni na wananchi Mei, na huwa sheria kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai 1. Serikali iliyochaguliwa Agosti huendesha miezi yake ya kwanza kwa bajeti ya mtangulizi wake. Bajeti yake halisi, na ushuru wake halisi, humfikia mpiga kura takriban miezi kumi baada ya kuapishwa, wakati nyimbo za kampeni zimeshasahaulika.

Ndivyo ilivyokuwa 2023. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilipandisha VAT (ushuru wa ongezeko la thamani) ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Oktoba 2023, VAT mpya ilipokutana na bei ya mafuta ulimwenguni na shilingi iliyodhoofika, petroli ilifika Sh217.36 Nairobi. Mwendeshaji bodaboda anayetumia lita tatu kwa siku, ambaye Agosti 2022 alitoa Sh477, sasa alihitaji Sh652: ongezeko la Sh175 kila siku kabla hajambeba mteja wa kwanza. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2024, bei ilikuwa imeshuka hadi Sh180.66. VAT ilibaki ileile. Kilichosaidia ni mafuta ya bei nafuu ng'ambo na shilingi iliyopata nguvu, kutoka karibu 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024 hadi karibu 129.

Mwaka 2024 ulionyesha kwamba mnunuzi ana sauti hata baada ya kura. Mswada wa mwaka huo ulitaka VAT ya asilimia 16 kwa mkate na ushuru wa asilimia 2.5 kwa thamani ya gari. Mapendekezo hayo mawili yaliondolewa Juni 18 chini ya shinikizo la vijana. Juni 25 waandamanaji waliingia Bungeni, watu wakauawa, na kesho yake Rais akakataa kutia saini mswada wote. Hata hivyo Desemba baadhi ya hatua zake zilirudi kupitia sheria nyingine ya ushuru. Anayefuatilia Mei na Juni pekee hukosa nusu ya habari.

Hati ya mshahara: hapo ndipo palipobadilika zaidi

Kwa mwajiriwa, hati ya mshahara ndiyo risiti ya kura. Makato matatu yalibadilika.

Bima ya afya: NHIF ilikata kwa ngazi, kuanzia Sh150 hadi Sh1,700. Tangu Oktoba 2024 SHIF hukata asilimia 2.75 ya mshahara wote bila kikomo cha juu, na kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi.

Ada ya nyumba: haikuwepo. Ilianza 2023 kwa asilimia 1.5 ya mshahara, mwajiri naye akitoa kiasi hichohicho. Mahakama Kuu iliiharamisha Novemba 2023, ikarudi kwa sheria mpya Machi 2024. Kuilipa hakukupi nyumba. Anayetaka nyumba hujisajili na kuilipia kando.

NSSF, hazina ya akiba ya uzeeni: ilikuwa Sh200 kwa kila mtu. Kuanzia Februari 2025 mwajiriwa alitoa asilimia 6 ya mshahara, hadi Sh4,320. Hii haikuwa ahadi ya Kenya Kwanza, muungano wa Ruto. Ni sheria ya 2013 iliyokwama mahakamani hadi Mahakama ya Rufaa ilipoifungulia njia Februari 2023. Serikali mpya hurithi pia maamuzi ambayo hakuna mgombea aliyeyataja jukwaani.

Hesabu ya makato haya matatu pamoja na ushuru wa mapato kwa mwajiriwa asiye na marupurupu wala nafuu nyingine inatoka hivi, kwa kulinganisha Agosti 2022 na katikati ya 2025:

- Mshahara wa Sh20,000: mkononi zilibaki Sh19,050, 2025 zikabaki Sh17,950. Pungufu ni Sh1,100, sawa na asilimia 5.5 ya mshahara.
- Mshahara wa Sh50,000: zilibaki takriban Sh41,460, 2025 takriban Sh39,030. Pungufu ni Sh2,430, karibu asilimia 4.9.
- Mshahara wa Sh100,000: zilibaki takriban Sh76,030, 2025 takriban Sh71,620. Pungufu ni Sh4,410, asilimia 4.4.

Aliyekatwa fungu kubwa zaidi la mshahara wake ni mlinzi au karani wa Sh20,000. Sababu iko ndani ya sheria za ushuru. Tangu mwisho wa 2024 makato ya SHIF na ya nyumba hutolewa kwenye mshahara kabla ya ushuru wa mapato kupigwa, kama ilivyokuwa kwa NSSF. Nafuu hiyo humsaidia anayelipa ushuru mkubwa. Wa Sh20,000 halipi ushuru wa mapato hata senti, kwa hivyo hana cha kupunguziwa.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili wa risiti. Mfanyakazi huyu sasa hulipia afya Sh550 badala ya Sh750. Katika Sh1,100 alizopungukiwa, ongezeko la NSSF peke yake ni Sh1,000, na pesa hizo zimewekwa kwa jina lake pamoja na nyongeza ya mwajiri. Ni akiba, ingawa mwenye kodi ya nyumba ya kulipa tarehe tano hawezi kuigusa. Ada ya nyumba ndiyo Sh300 zinazotoka bila kurudi kwake moja kwa moja.

Mama mboga naye hana hati ya mshahara. Zamani alilipa NHIF Sh500 kila mwezi, Sh6,000 kwa mwaka. Chini ya SHIF mapato ya kaya hukadiriwa, na aliye chini kabisa hulipa Sh3,600 kwa mwaka. Ni nafuu ya Sh2,400, ila sheria humtaka alipe za mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa anayehesabu mapato kwa siku, Sh500 kila mwezi huenda zikampata kwa urahisi kuliko Sh3,600 kwa siku moja.

Mkopo au pesa taslimu

Bidhaa mbili kuu za kampeni ya 2022 zilikuwa tofauti kabisa. Kenya Kwanza iliahidi Hazina ya Hustler ya Sh50 bilioni kila mwaka. Azimio, muungano wa Raila Odinga, iliahidi Sh6,000 kila mwezi kwa familia maskini milioni mbili.

Hazina ya Hustler ilizinduliwa Novemba 30, 2022, kwa mikopo ya Sh500 hadi Sh50,000, riba ya asilimia 8 kwa mwaka na muda wa siku 14. Ukiomba Sh1,000, Sh50 huwekwa akiba, unapokea Sh950, na riba ya siku 14 ni kama Sh3. Mkopo kama huo kwa M-Shwari, huduma ya mikopo ya simu ambayo ilitoza ada ya asilimia 7.5, ungegharimu Sh75, ingawa kwa siku 30. Kwa bei, serikali ilishinda bila ubishi. Kwa ukubwa, sivyo: Sh950 za wiki mbili hununua nyanya za kibandani, hazifungui duka.

Ahadi ya Azimio haikupata nafasi ya kujaribiwa, lakini hesabu yake ni rahisi. Sh6,000 mara miezi 12 mara familia milioni mbili ni Sh144 bilioni kwa mwaka, kiasi kilekile ambacho ruzuku ya mafuta ilikuwa imemeza. Familia iliyopokea ingepata Sh72,000 kwa mwaka bila deni. Aliyeajiriwa angetafutwa azilipie, kwa ushuru au kwa deni la taifa ambalo huja kuwa ushuru. Mkopo wa bei nafuu huigharimu Hazina Kuu kidogo na kumsaidia kidogo anayeupokea. Pesa taslimu humsaidia sana na kugharimu sana. Mpiga kura wa 2022 alichagua kati ya hivyo viwili, ajue asijue.

Kulinganisha wagombea wa 2027

Mgombea akija kwenu, ahadi yake ipimwe kwa maswali matatu.

La kwanza, itapitia njia gani? Akisema bei itashuka ndani ya siku mia moja, anazungumzia ruzuku, na ruzuku ina tarehe ya kwisha. Akisema ataondoa ada ya nyumba au kurekebisha SHIF, anahitaji wabunge, kwa hivyo chunguza pia unayempigia kura ya ubunge.

La pili, nani atalipa? Asipotaja, chukulia ni wewe, kisha utafute mahali: pampu ya mafuta, hati ya mshahara, au bei ya dukani.

La tatu, wa kipato chako atabaki na ngapi mkononi? Mkulima wa ekari tano mwenye mbolea ya Sh2,500 anaweza kusema kwa haki kwamba serikali hii ilimfaa. Mlinzi wa Sh20,000 anaweza kukataa kwa haki ileile. Wote wawili wana risiti, na kila mmoja apige kura kwa kusoma ya kwake.

Kisha, atakayeshinda akishaapishwa, weka alama kwenye kalenda mwezi wa Mei 2028. Hapo Mswada wake wa kwanza wa Fedha utakuwa Bungeni, kamati itakuwa inapokea maoni, na bei ya kweli ya kura yako itakuwa imeandikwa katika vifungu vyake, bado ikiwa inaweza kubadilishwa.